Msaidizi wa Bwana Festo

Kwenye karamu ya kuniaga, katikati ya hotuba na pilau, kijana mmoja wa uhasibu alisimama akaniomba niwaachie siri ya kuishi vizuri na mkubwa wa kazi. Watu wakapiga makofi. Nikatabasamu, nikaendelea kula, kwa kuwa pilau ilikuwa nzuri na siri sikuwa nayo. Nilichonacho ni habari ya mtu mmoja ambaye nilikuwa msaidizi wake kwa miaka mingi, na hiyo si habari ya kuelezwa kwenye karamu. Nimeona niiandike sasa, nikiwa nyumbani, asubuhi zikiwa ndefu na hakuna anayeningoja mahali popote.

Kwa wasionijua, naitwa Mwanahawa, mzaliwa wa Bagamoyo, na maisha yangu yote ya kazi yamepita kwenye majaruba ya chumvi kaskazini ya mji. Wageni wakisikia chumvi hudhani ni kazi ya kulala ukingoja jua. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, tunafungua malango na kuyaingiza maji kwenye mabwawa ya mwanzo. Jua na upepo vinayapunguza. Tunayahamisha bwawa hadi bwawa, yakizidi kukolea, mpaka yafike kwenye majaruba ya mwisho, ambako chumvi huganda chini kama ukoko wa wali. Mvua ikinyesha kabla hujavuna, ukoko wote unarudi kuwa maji, na wewe unarudi kuwa mtu wa kungoja. Kwa hiyo kazi ya meneja wa chumvi, ukiondoa makaratasi, ni kuamua: fungua au usifungue, vuna au subiri. Kazi ya msaidizi wake ni kuwa karibu anapoamua.

Siku yangu ya kwanza nilipewa buti za mpira za mwanamume fulani aliyekuwa ameacha kazi, nikatembea nazo kutwa nzima kama bata. Jioni visigino vilikuwa vimechubuka na maji ya chumvi yameingia ndani. Sitaeleza zaidi. Aliyewahi kuchubuka kwenye jaruba anajua, na asiyewahi amshukuru Mungu. Kesho yake nilivaa soksi mbilimbili, na hilo ndilo somo la kwanza nililolipata pale bila kufundishwa na mtu.

Nilianza kwa kupima maji, nikawa msimamizi wa zamu, kisha nikawa msaidizi wa meneja. Jinsi nilivyopanda haina utamu, nairuka. Meneja niliyemkuta sitamtaja jina, maana amekwisha kufa na watoto wake tunasalimiana sokoni. Kwake yeye msaidizi alikuwa kama mwavuli, anakumbukwa mvua ikianza. Mambo mazuri aliyafanya peke yake na mabaya aliniita. Mashine mpya ya kusaga chumvi ikinunuliwa, nilijua pale lori lilipopiga honi getini. Nami nikajifunza kumficha, kwani chuki haichelewi kujifunza. Kama pampu imeanza kukohoa, nanyamaza mpaka ife, ili aone mwenyewe. Tukawa watu wawili tunaochunguliana kwenye tundu moja la ufunguo, kila mmoja upande wake wa mlango. Majaruba yaliteseka, na wafanyakazi walijua, maana wafanyakazi hujua kila kitu kabla ya meneja.

Alipoondoka nilikaimu nafasi yake kwa msimu mzima. Kila mtu aliniambia kiti ni changu. Nikaanza kuamini, hata nikashona gauni. Kisha bodi kule Dar es Salaam ikamleta Bwana Festo.

Alikuwa mtu wa Njombe, mtu wa baridi na viazi, mrefu, mwenye sauti ya chini. Bahari alikuwa ameiona mara chache na hakujua kuogelea. Siku aliyofika alisalimia watu wote, akafunga mlango wa ofisi, tukabaki sisi wawili.

"Bi Mwanahawa," akasema, "wewe ulikitaka kiti hiki?"

Sikuwa nimejiandaa. Nikasema kweli kwa sababu uongo ulikuwa haujanijia. "Ndiyo."

"Bado unakitaka?"

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa choo kiko wapi. "Vizuri. Basi sitakuwa na haja ya kukukisia. Mimi chumvi naijua kwa kusoma na kwa kula. Nitahitaji uniambie nikikosea, na uniambie mapema. Nami sitakuficha kitu hata kimoja. Tukishindwana, tutajua tumeshindwana wapi."

Nilikwenda nyumbani nimekasirika. Ni vigumu sana kumchukia mtu wa namna hiyo, na mimi nilikuwa nimejipanga kumchukia.

Ilikuwa fikra yake kwamba tutembee pamoja kila asubuhi kabla wafanyakazi hawajafika. Kati ya majaruba na bahari kuna tuta kubwa la udongo, linalozuia maji yasiingie bila ruhusa. Tulitembea juu ya tuta lile kutoka lango la kusini hadi la kaskazini na kurudi, yeye mbele na mimi nyuma maana ni jembamba, na kwa sababu hiyo ilibidi tuzungumze kwa sauti. Pale juu niliruhusiwa kusema lolote. Niliwahi kumwambia kwamba hotuba yake ya jana ilikuwa ndefu na ya kuchosha. Aliwahi kuniambia kwamba nawaonea wasichana wa kufungasha kwa kuwa mimi mwenyewe nilionewa. Tulibishana hadi ndege wakaruka. Lakini tukishashuka kwenye tuta neno lilikuwa moja, na hakuna aliyejua lilianzia kinywani mwa nani.

Mnyapara wetu, Kondo, alitujaribu mapema. Alimwendea Bwana Festo akataka wavunaji wake wapumzike Jumamosi, akakataliwa. Mchana akanijia mimi, kwa upole wote, kama mtoto aliyekataliwa na baba anayemwendea mama jikoni.

"Meneja amesemaje?" nikamwuliza.

"Sijamwona bado, mama."

"Basi twende tukamwone wote."

Akakumbuka ghafla kwamba ana kazi kwenye lango la kaskazini. Baada ya hapo hakuna aliyetujaribu kwa muda mrefu. Nyie vijana mnaopata vyeo vya usaidizi, kama mna nafasi ya kufanya jambo moja tu, fanyeni hilo. Ulizeni mwenzenu amesemaje, kisha nendeni mkamwone wote.

Na kulikuwa na ule msimu wa mawingu. Chumvi ilikuwa imeganda vizuri lakini bado nyembamba, na mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Sadani. Mimi nikasema tuvune leo. Yeye akasema tuvumilie kidogo ikomae. Tulizozana tuta zima, kwenda na kurudi. Mwishoni akasema, "Nimekusikia. Tunasubiri." Nikashuka nikawaambia wavunaji tunasubiri, tena kwa uso wa mtu anayeamini. Usiku ule mvua ikanyesha kama imetumwa. Asubuhi majaruba yalikuwa maji matupu, yanang'aa kama yanatucheka.

Bodi ilipokuja kuuliza, nilijua kuna mameneja ambao wangesema "tuliamua". Bwana Festo alisema, "Bi Mwanahawa alishauri tuvune. Mimi nilikataa." Akaketi. Miaka miwili baadaye mimi nilipomshauri vibaya kuhusu lango, tukapoteza maji yaliyokolea ya mwezi mzima, nilingoja anitaje vilevile. Alisema, "Uamuzi ni wangu." Nilipomwuliza kwenye tuta kwa nini hakunitaja, alinishangaa. "Ulinishauri. Mwenye kuamua alikuwa nani?"

Kwa mtu kama huyo unafanya kazi hata ukiwa na homa.

Sasa nafika mahali pazito.

Asubuhi moja, tukiwa tumezoeana miaka mingi, alisimama katikati ya tuta akageuka. Hakuwa na desturi ya kusimama. Akanisimulia habari za baba yake, ambaye alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kule kwao. Uzeeni akili ilianza kumpotea akiwa bado kazini. Walimu wenzake walimheshimu mno, na heshima ile ikawafunga midomo. Wakamwacha. Wanafunzi ndio waliogundua, wakaanza kumcheka waziwazi, wakimwuliza swali lilelile mara kumi ili waone akilijibu mara kumi. Bwana Festo mwenyewe alikuwa mwanafunzi katika darasa hilo.

"Ugonjwa ule uko katika ukoo wetu," akasema. "Siku ukiona nimeanza kupotea, uniambie wewe. Usimwachie daktari, wala bodi, wala mke wangu. Mke wangu ananipenda, hataniambia."

"Mungu atuepushie mbali, Bwana Festo."

"Sikuombi dua. Nakupa kazi."

Nikamwambia nimekubali. Hatukuandika popote, wala hatukuirudia siku nyingine. Alikuwa mzima, mwenye nguvu, na mimi nilichukua ahadi ile kama mtu anavyopokea funguo za nyumba asiyotarajia kuingia.

Ilianza kidogokidogo. Alinieleza mpango wa kununua maturubai mapya ya kufunikia malundo ya chumvi, na keshokutwa yake akanieleza tena, kwa maneno yaleyale na kicheko kilekile mahali palepale. Nikacheka tena. Kisha akaniita Grace. Grace alikuwa karani wake kwenye kazi aliyoiacha kabla hajaja kwetu. Kisha kwenye mkutano wa wafanyakazi akasimama katikati ya sentensi, akatazama mikono yake, na sentensi haikurudi. Nikasimama nikasema, "Kama meneja alivyotaka kusema," nikaimalizia. Watu wakadhani tumepanga.

Asubuhi nyingine hakutokea kwenye tuta. Nilimngoja mpaka jua likapanda. Simu yangu ikalia.

"Bi Mwanahawa, hii barabara wameibadilisha?"

"Barabara gani, Bwana Festo? Uko wapi?"

Nikasikia lori likipita karibu naye. "Kuna kibao," akasema. "Kimeandikwa Msata."

Alikuwa ametoka nyumbani kwake Nianjema, mwendo mfupi kabisa hadi kazini, akaipita njia ya majaruba na kuendelea kuendesha kuelekea bara. Nikamwambia asimame hapohapo. Nikamfuata na dereva. Tulipofika alikuwa amekaa kwenye gari, mikono yote miwili kwenye usukani, amefunga tai vizuri. Alisema alitaka kuangalia shamba lake, maana kweli alikuwa amenunua shamba Msata kwa ajili ya kustaafia. Nilisema ndiyo, shamba ni jambo la kuangalia. Dereva alitazama nje.

Nawaeleza haya ili mjue ugumu wake. Kazi ya msaidizi ni kuziba mapengo ya mkubwa wake, nami nilikuwa fundi wa kuziba. Nilisaini, nilikumbusha, nilimalizia sentensi. Kila pengo nililoliziba nilijiambia nafanya kazi yangu. Lakini kuna siku unatazama ukuta unaouziba unakuta umebaki udongo wako mtupu.

Nilikwenda kumwona mkewe, Mama Agnes. Tulikaa jikoni kwake akichambua mchele.

"Wifi," nikamwambia, kwani ndivyo tulivyoitana, "Bwana Festo yuko vipi hapa nyumbani?"

Hakuinua macho. "Juzi ameniuliza mama yake atafika lini. Mama yake tumemzika mimi na yeye."

Mchele ukaendelea kuchambuliwa.

"Usimwambie mtu," akasema. "Amebakiza msimu mmoja tu astaafu. Mwache amalize kwa heshima. Wewe unaweza kumbeba msimu mmoja. Nani anaweza kama si wewe?"

Nilitaka kumtii. Nilitoka kwake nimeamua kumtii.

Kisha likatokea la pampu. Fundi wetu Athumani alikuwa ameinama ndani ya pampu kubwa inayovuta maji kutoka kwenye mfereji, anaondoa majani yaliyonasa, na mkono wake uko ndani mpaka begani. Bwana Festo mwenyewe ndiye aliyempa kazi hiyo asubuhi. Mchana akapita kwenye kibanda cha swichi, akaona pampu imezimwa wakati maji yanajaa, akakasirika kwa uzembe, akaiwasha. Mota ilinguruma. Kilichomwokoa Athumani ni tabia yake mwenyewe ya kuutoa mkanda unaounganisha mota na pampu kila anaposafisha. Mota ikazunguka bure. Nilikuta fundi ameketi chini, mkono ameukumbatia kifuani kama mtoto mchanga, ingawa ulikuwa mzima.

"Mama," akaniambia, "meneja alinituma yeye. Nilimwona akinitazama nikiingia."

Bwana Festo alikuwa kando. "Nani amemtuma huyu humo ndani?" akauliza. "Nani?"

Sikulala. Asubuhi nilikwenda kwenye tuta mapema, na yeye akaja, siku hiyo akaipata njia. Tulipofika katikati nikamwita. Akageuka.

"Bwana Festo, umeanza kupotea."

Nilikuwa nimetafuta maneno mengine usiku kucha. Sikuyapata, na haya yalikuwa yake.

"Una maana gani?"

Nikamweleza. Maturubai, mkutano, kibao cha Msata, Athumani. Nikamwambia lazima aende hospitali, na kwamba leo nitamweleza mwenyekiti wa bodi, ila nimemwambia yeye kwanza.

"Nani amekutuma?"

"Wewe mwenyewe. Ulisimama hapahapa ukanisimulia habari za baba yako, ukanipa kazi hii."

"Habari za baba yangu?" Uso wake ulibadilika, ukawa uso nisioujua. "Mimi sijawahi kumsimulia mtu habari za baba yangu."

"Ulinisimulia, Bwana Festo."

"Umezitoa wapi? Kwa mke wangu?" Akasogea karibu. Upepo ulikuwa mkali lakini nilimsikia vizuri. "Siku ya kwanza nilikuuliza kama unakitaka kiti changu. Ukasema ndiyo. Nikakuuliza tena, ukasema ndiyo. Hilo nalikumbuka. Unaona? Nakumbuka vizuri sana. Miaka yote hii umetembea nyuma yangu unangoja."

Ugonjwa ule hula mambo ya jana na kuacha ya zamani. Nilikuja kulijua hilo baadaye, kwa daktari. Siku ile nilichoona ni kwamba ahadi yetu imeliwa, na ukweli niliomwambia siku ya kwanza ndio uliosalia, peke yake, bila yote yaliyofuata. Sikuwa na shahidi. Akanipita, mabega yetu yakagongana kwa kuwa tuta ni jembamba, akashuka.

Mwenyekiti aliniamini. Athumani aliulizwa, dereva akaulizwa, na hospitali huko Dar ikasema iliyoyasema. Bwana Festo akapumzishwa kabla ya msimu wake wa mwisho kwisha. Siku ya kuaga, wafanyakazi walijipanga uani, naye akapita akimpa kila mtu mkono, hadi wasichana wa kufungasha, hadi mlinzi. Alipofika kwangu akanipita kama mtu anavyopita nguzo, akampa mkono Kondo aliyesimama baada yangu. Watu wote waliona. Mama Agnes alinitazama mara moja, akatazama chini.

Haikuchukua muda maneno yakaenea kwenye vibaraza vya kahawa: Bi Mwanahawa amempindua mzee wa watu aliyebakiza msimu mmoja tu. Kondo aliyasema zaidi ya wote. Ningeweza kuwanyamazisha kwa neno moja. Lakini ugonjwa wake ulikuwa siri yake, wakati ule alikuwa hataki ujulikane, na mimi nilikuwa bado msaidizi wake kwa namna ninayoielewa mimi. Nikanyamaza. Siku hizi Mama Agnes mwenyewe huwaambia watu, na ndiye aliyeniruhusu kuyaandika haya.

Kiti nilipewa. Sikukikataa, maana chumvi haiwezi kungoja mtu amalize kulia. Nilikikalia mpaka nilipostaafu, na msaidizi wangu ni kijana mzuri ambaye sasa ndiye meneja wenu, mnamjua. Tulitembea naye kwenye tuta, tukabishana, alinikosoa mbele ya upepo na kunitetea mbele ya bodi. Nilimfundisha kila nilichofundishwa. Lile ombi la mwisho tu ndilo sikumpa. Mara nyingi nilifungua kinywa nimwambie, "Siku ukiona nimeanza kupotea," nikaishia kuzungumzia malango. Nilikuwa nimeshajua uzito wa kazi ile, na nilimpenda kijana.

Bwana Festo na mkewe walihamia kwenye shamba la Msata. Mara ya kwanza nilipokwenda kumsalimia alinijua, akaingia ndani akafunga mlango. Nikanywa chai na Mama Agnes tukazungumza habari za mahindi. Mara ya pili vivyo hivyo. Nikaacha kwenda, nikawa napiga simu tu. Baadaye kidogo Mama Agnes akaniambia, "Njoo sasa, wifi. Hakujui tena." Alilisema kama habari njema, na kwa namna fulani ilikuwa hivyo.

Nilikwenda siku ya Ijumaa. Alikuwa barazani, amekonda, shati limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Wewe ni mgeni wa nani?"

"Natoka Bagamoyo. Nilikuwa nafanya kazi ya chumvi."

"Chumvi!" Uso ukawaka. "Mimi nilikuwa meneja wa chumvi." Akanieleza namna bamvua inavyokuja, namna maji yanavyokolea, na yote aliyoyasema yalikuwa sahihi. Nikasikiliza kama mgeni. Kisha akasema, "Nilikuwa na msaidizi. Mwanamke."

"Alikuwaje?"

Akafikiri. "Mkweli. Ukimwuliza, anakuambia." Akaitazama barabara kuu, ambako basi la Segera lilikuwa linashusha watu. "Halafu akachukua kiti changu."

"Pole, mzee."

"Iliniuma kwa sababu alikuwa yeye. Angekuwa mwingine, isingeniuma."

Akanisogelea, akashusha sauti, akatazama mlangoni kuhakikisha mkewe hayupo.

"Hawa wa hapa wananificha kitu," akasema. "Nauliza nina nini, wanasema huna kitu, uko sawa. Kila siku uko sawa. Yule mwanamke angeniambia. Wewe unatoka huko. Huwezi kumwita?"

Mama Agnes alikuwa nyuma ya pazia la mlango; niliona miguu yake. Nilijua anataka nisemeje. Nikamshika mzee mkono, ule ambao hakunipa siku ya kuaga.

"Hapana, huko sawa, Bwana Festo," nikamwambia. "Unaumwa. Ni ugonjwa wa kusahau, ule wa baba yako, na hauponi. Lakini uko nyumbani kwako, mke wako ndiye huyo ndani, na chumvi inavunwa vizuri."

Mkono wake ulikuwa mwepesi kama kitu kilichokaushwa. Machozi yalimtoka, si mengi, akayaacha.

"Ahsante," akasema. "Nilikuwa najua." Kisha, baada ya kitambo, "Mwambie yule aje. Mambo ya kiti yameshakwisha. Aje tu tuzungumze."

"Atakuja," nikasema. "Ijumaa ijayo atakuja."

Ijumaa nikaenda. Alikuwa palepale barazani. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza mimi ni mgeni wa nani.